Saa Mbili Mara Mbili

Katika Kaunti ya Tolliver saa mbili usiku hufika mara mbili:
kwanza mashariki, wanakofuata saa ya milimani,
kisha, baada ya dakika sitini za kupiga miayo, kwetu makao makuu.
Ndiyo maana sanduku la Dunmire hufungwa mapema,
nami huwa nimeshafika kulichukua.

Mimi ni karani wa kaunti: mpokea kodi ya mbwa,
mwandika vyeti vya ndoa, mwenye funguo za jengo la mawe
ambalo paa lake huvuja juu ya kiti cha kamishna wa pili tu.
Makamishna ni watatu. Ng'ombe ni sitini elfu.
Wapiga kura, nikimhesabu na Orla Bidegaray
asiyetoka kitandani tangu Pasaka,
ni mia nane na kumi na wawili.
Ardhi yetu ukiikunjua itafunika nchi kadhaa zenye wimbo wa taifa.

Kamishna Ekberg hupenda kuwaonyesha wageni ramani ukutani:
"Hapa pote ni sisi."
Hapa pote ni ziwa la chumvi lisilofika kifundo cha mguu,
mireteni iliyopindwa mgongo na upepo uleule,
vichaka vya kijivu,
vichaka vya kijivu,
na uzi mmoja mwekundu, Barabara ya Dunmire,
maili tisini na moja za kokoto.

Mwaka huu tuliwauliza watu jambo moja:
kodi iongezwe ili barabara hiyo iendelee kuchongwa?
Ndiyo. Hapana. Jaza kiduara kwa wino mweusi.

Dunmire wana kura tisa.
Wote tisa hupita humo kwenda kung'olewa jino,
kumzika mtu, kununua betri.
Nilifungua sanduku mbele ya mashahidi wawili.
Ndiyo nane.
Hapana moja.

Kura ni siri, lakini siri ya watu tisa ni shuka fupi:
ukifunika kichwa, miguu inabaki nje.
Kiduara kile kilijazwa kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.
Naujua mkono unaobonyeza hivyo.
Kila Ijumaa hunisainia fomu za dizeli:
Royce Aldape, dereva wa greda,
kwao Dunmire, mwisho kabisa wa uzi,
mwaka wa thelathini na moja akiichonga barabara hiyohiyo,
siku mbili kwenda, siku mbili kurudi,
na anapofika mashimo yamemtangulia.

Shahidi mmoja alinitazama. Nikakohoa,
nikaandika moja mahali pa moja.

Nilikumbuka Februari ile theluji ilipofikia vioo vya greda,
na mtoto wa kina Hutchens akingoja insulini upande wa pili.
Royce alifika. Alfajiri, sikio moja limekufa kwa baridi, alifika.
Hakuna aliyemwuliza zilikuwaje zile saa kumi na tisa humo ndani.
Tulimpa cheti. Nilikichapa mimi.
Nilikosea herufi za jina lake.

Barabara ilishinda kwa kura nne.
Ekberg alipiga meza kwa kiganja,
na tone la maji likamdondokea utosini.

Asubuhi, nikirudisha vibanda vya kura Dunmire,
nilikuta vumbi limesimama njiani kama ukuta,
na ndani yake greda, ya njano, polepole kama ng'ombe mwenye mimba.
Hapakuwa na pa kumpita: kulia mfereji, kushoto chumvi.
Nikamfuata karibu saa nzima
juu ya barabara laini kama kanzu iliyotoka kwenye pasi,
nikiwa wa kwanza kuichafua.

Kwenye mpaka wa saa, kigingi tu
na bango lenye matundu ya risasi,
aliinua vidole viwili kutoka kwenye usukani, bila kugeuka.
Nami nikainua viwili vyangu.
Ilikuwa saa tatu.
Ikawa saa nne.