Daftari la Ligi ya Kata

Fomu mpya ina safu tano:
jina la timu, rangi ya jezi, uwanja, katibu, simu.
Haina safu ya kwa nini.
Kwa nini tunaiandika pembeni, kwa penseli,
kama alivyoandika shangazi Mwantumu miaka kumi na tisa
barazani pake, Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
mkono huu penseli, mkono ule mwiko wa bajia,
na kila ukurasa una doa la mafuta la kuthibitisha.

Ofisa anasema mdhamini hayapendi majina haya.
Anataka Chui, Radi, Nyota,
majina yanayokaa vizuri kwenye kitambaa.
Nikamwambia, kaa kitako, baba, tusome.

Dawa ya Deni, ya Mabawa.
Mpira wa kwanza waliukopa dukani kwa Shebughe,
wakawa wanalipa kidogo kidogo, leo mia, keshokutwa machungwa,
na Shebughe hakukosa mechi hata moja.
Alisimama nyuma ya goli, kitabu cha mikopo kwapani;
wakifunga, watu wanarukaruka,
yeye anapaza sauti: "Bado elfu mbili na mia nne!"
Siku waliyomaliza kulipa, mpira ulikwisha pasuka.
Jina likabaki. Jina hawakulikopa.

Mashuka, ya Duga.
Gesti moja ilifungwa, vyombo vikapigwa mnada,
mama yake Ngoda akashona jezi kumi na tano za maua ya waridi.
Beki wa kushoto, muhuri wa gesti ulimwangukia mgongoni:
HAIRUHUSIWI KUTOLEWA NJE.
Misimu minne, hakuna kocha aliyethubutu.

Kasorobo ni wapakiaji wa ghalani.
Wenzao wanaingia uwanjani saa kumi,
wao zamu inawaachia kumi na moja kasorobo,
wanakuja mbio, vumbi la mkonge limewaotesha mvi
za bure, za ujanani.

Muhogo wa Jana, ya Sahare.
Usiniulize. Aliyejua kahamia Muheza, hapokei simu.

Hapo ofisa akacheka. Nikadhani kazi imekwisha.
Kidole chake kikashuka, kikatua:
"Na hii? Bado Mmoja. Bado mmoja nini?"

Makorora watakwambia ni goli,
lile moja walilolikosa wakashuka daraja.
Wengine watakwambia ni kikombe cha chai, tena kwa kiapo.
Penseli ya shangazi inasema vingine,
herufi ndogo ndogo, kama anayemwandikia mtu mmoja tu:

*Refa kahesabu kumi. Nahodha kamwambia bado mmoja.
Idrisa wangu kaenda Pongwe kwa fundi viatu.*

Walimngoja hadi adhana ya magharibi.
Jumamosi ya pili wakamngoja tena.
Msimu ulipoanza mtu akaandika ubaoni, kwa chaki,
maneno yale mawili mahali pa jina la timu,
na hakuna aliyenyanyua dasta.

Mwaka hadi mwaka shangazi anawaorodhesha, wa kwanza mpaka wa kumi.
Mstari wa kumi na moja anaupigia rula
na kuuacha.
Pembeni, mara moja tu, mwaka ule wa mwanzo:
*Viatu kaleta utingo wa lori. Vimeshonwa vizuri.
Namba arobaini na moja. Viko kwangu.*

Haya sikumsomea ofisa.
Nilichukua kalamu ya wino, nikakandamiza
mpaka nakala ya tatu ikapata:
Bado Mmoja. Bluu. Uwanja wa shule.
Katibu, mimi. Simu, yangu.
Kisha majina, na mstari nikaupigia rula.

Akaivuta fomu, akahesabu kwa ncha ya kalamu.
Akarudia kuhesabu.
"Mbona hapa wako..."

Akanyamaza mwenyewe.
Akatafuta muhuri wake, akaupulizia pumzi,
akagonga.