Masahihisho

Miaka thelathini na mmoja nimeandika maneno ya wengine
katika Bunge la Ulaanbaatar,
meza yangu chini ya jukwaa, mgongo kwa Spika,
nikiyatia kwenye mabano yale yasiyotamkwa:
(Makofi.) (Kicheko.) (Kelele kutoka viti vya nyuma.)

Norjmaa, binti Sodov, aliingia na viatu
vinavyonuka dawa ya kuogeshea kondoo.
Daktari wa mifugo kutoka Gobi-Altai,
kura zake alizipata hema kwa hema,
mkono mmoja ndani ya ng'ombe anayezaa kwa shida,
mdomo ukieleza sera.
(Kicheko.)
Hotuba yake ya kwanza ilikuwa ya dakika nne.
Baba yangu, alisema, hakujua kuhesabu kupita mia,
ila kila jioni alijua nani hajarudi.
Serikali ni kazi hiyo tu.
Mengine ni mapazia.
Kalamu yangu ilisimama.
Ilibidi nimwombe Choimbol, jirani yangu, sentensi iliyofuata.

Malisho hayana hati, alishikilia,
wala asije mtu kuyatafutia.
Nyasi ni za aliyetangulia akabakiza.
Aliyasema bungeni, redioni, mazikoni kwa watu,
mpaka wachoraji wa magazeti wakamchora
akiupiga uzio mateke.
Akawa waziri. Akatolewa. Akarudi.
Chama kikapasuka, akaondoka na kipande,
kipande kikanenepa,
na mwaka ule wa ukame akaapishwa kuwa Waziri Mkuu
ndani ya joho la buluu la marehemu mama yake,
mikono imefupishwa.

Halafu baridi ile.
Sisi twaiita dzud:
theluji huyeyuka kidogo, ikaganda tena,
nyasi zikabaki chini ya kioo,
mnyama anaziona, hazifikii.
Farasi walikufa wamesimama.
Wafugaji walipanga mizoga ikawa ukuta wa kuzuia upepo.
Majani makavu yalikuwapo, ng'ambo ya mpaka.
Pesa ndizo hazikuwapo.
Pesa walikuwa nazo watu wa shaba,
wenye kalamu nzuri na ramani ya bonde,
bonde lile lile ambalo miaka kumi na minane
alikuwa akilitaja kwa jina kama mtoto wake.

Alitia saini alfajiri.
Malori yalifika Alhamisi.
Mifugo ilipona, nusu yake. Bonde halikupona.

Waliokuwa wakiutaka mgodi tangu zamani
ndio waliosimama kwanza kumwita msaliti.
(Makofi.) Niliandika, kwa sababu walipiga.
Kisha akasimama yeye,
na hapa nilikosea, tena kwa makusudi.
Alisema: Nilitia saini.
Mimi nikaandika: Tulitia saini.
Silabi moja. Nilidhani namtupia blanketi.
Na baraza zima si lilikuwamo chumbani,
wawili wakisinzia, mmoja akimenya yai?

Aliangushwa kwa kura mbili.

Kanuni ya arobaini inampa mbunge siku mbili
kusahihisha maneno yake kabla hayajapigwa chapa.
Wengi huja kufuta. Wengine huja na hekima
waliyoipata usiku, kitandani.
Yeye alikuja jioni ya siku ya pili
na chupa ya chai ya maziwa na chumvi,
akasoma kurasa kumi na moja kwa kidole.
Matusi ya wenzake hakuyagusa.
Akafika pale. Kidole kikatua.
Akaikata ile "tu", akaandika "ni" juu yake
kwa mwandiko wa vyeti vya chanjo.

"Umenihesabia watu ambao hawakuwapo."
Nikamwambia walikuwapo, niliwaona kwa macho yangu.
Akacheka, akanimiminia kifuniko kimoja cha chai.
Ilikuwa imepoa.
Nikainywa yote, nikapeleka kurasa mtamboni.