Mpangaji

Uliingia bila hodi, Machi ya sabini na tisa, topeni Lukaya,
ukubwa wa punje ya hindi,
mimi nina miaka ishirini na mmoja
na mwili wenye vyumba vitupu.
Hatukuandikishiana mkataba.

Daktari wa kambini akakuandika:
nyonga ya kushoto, kipande kimoja, kimeachwa.
Asilimia ishirini, wakasema, ndiyo hasara yangu.
Sikuuliza themanini iliyobaki ni ya nani.

Tangu hapo hulipi kodi, wala hulipiwi.
Masika ukigonga ukuta kwa ndani
Editruda huamka, huwasha taa, hukukanda
na kukusema kwa Kimatengo
maneno ambayo sitayaweka kwenye karatasi.

Mwaka jana, Lugalo, wakatupiga picha.
Dakta, kijana, akaielekeza dirishani,
akakutafuta nyongani, akakukosa.
"Koplo, huyu amehama."
Kidole kikapanda, kikapanda, kikasimama
pembeni mwa uti wa mgongo.
"Kipimo cha sumaku ndicho kingetufaa,
ila sumaku ingemvuta atoke na nyama yako."
Tukacheka wawili.

Nikakubeba hadi ofisi ya mafao, dirisha namba nne.
Bi Nasra alisoma faili, akasoma picha,
akarudi kwenye faili, akavua miwani.
Si mtu mbaya. Aliniita baba.
"Faili linasema nyonga, baba. Maombi yanasema mgongo.
Mgongo wako haukwenda vitani."

Haukwenda!
Nani basi alibeba kombora, na maji, na Kasimbazi
siku mbili, hadi alipoacha kuwa mzito?

Sikusema. Nilisema: nilete nini?
Uthibitisho, akasema.
Njiani nikaitunga barua ya mjumbe wa mtaa:
*Mtajwa hapo juu, Chuma, namfahamu.
Amehama chumba kwa hiari yake,
hana deni dukani, hajagombana na jirani
ila usiku.*

Niliporudi na vivuli vya vivuli vya cheti
benchi lilikuwa limepungua.
Karani akaita: Mwinchumu Sefu!
Akaita tena. Kadi yake ya matibabu ilikuwa tayari,
inang'aa, picha yake ndani, amenyoa ndevu.
Sote tukatazama viatu.
Ni Mwinchumu aliyekuwa akinishikia nafasi kwa kofia,
na arobaini yake tuliisoma Ijumaa iliyopita, Kitunda,
pilau ikabaki.
"Yupo au hayupo?"
Hayupo, nikajibu,
na sauti ikatoka ile ya gwaride, niliyodhani nimeirudisha stoo
pamoja na buti na blanketi.

Juzi ukaja uhakiki.
Kila mstaafu afike mwenyewe, aonekane kuwa yu hai.
Jengo jipya la vioo, katikati ya mji,
na mlango wa kupita ambao haujasimamiwa na mtu.
Niliacha sarafu. Niliacha funguo, mkanda, saa,
nikapita nimeishikilia suruali kama mtoto wa darasa la kwanza.
Ukapiga kelele.
Nikarudi, nikapita. Ukapiga kelele.

Mlinzi, Lusekelo kifuani, kidevu bado laini,
akaja na kile kijiti chao cheusi.
"Mzee, una nini?"
Nina mpangaji.
Akakipitisha nyongani: kimya.
Akakipandisha mgongoni, taratibu,
nacho kikalia
kama jogoo wa jirani anayejua saa.

Watu nyuma yangu wakanung'unika.
Mimi nilisimama na suruali yangu mkononi
nikiwa na furaha ya ajabu:
miaka yote hii, chombo cha serikali
kimekutambua, na mahali kimepataja.

Mwanangu, nikamwambia, andika.
Leta daftari la wageni. Tarehe, saa, nyonga kimya,
mgongo umelia. Weka sahihi.
Akashika kalamu, akanitazama, akauliza
aandike wageni wangapi.
Wawili.

Akaandika mmoja.
Mstari, alisema, ni mwembamba.