Jina Lifunikwe

Barua imeletwa na kijana mwenye tai,
pikipiki kaiacha ng'ambo isije ikachafuka unga.
Inasema: kuanzia Jumatatu
hadi siku tatu baada ya mashindano,
jina langu na jina la Nyamizi
yasionekane kwenye ukuta mmoja.

Nikamwomba anisomee tena. Si kwamba sijui kusoma.
Nilitaka nimsikie akitamka "mdhamini rasmi"
hapa Kizuiani, mbele ya mashine yangu
ambayo haijawahi kuwa rasmi hata siku moja.

Rasmi ni soda, ni benki, ni kampuni ya viatu
iliyomfahamu mwaka huu, mwezi wa nne.
Mimi nilimfahamu akibeba magunia,
binti wa miaka kumi na sita, mgongo mweupe wa sembe,
alfajiri yake akaipeleka Barabara ya Kilwa,
hadi Kongowe na kurudi, malori hayajaamka.
Goti lilipovimba, sindano tatu Temeke: mimi.
Viatu vya kwanza, mtumba wa Karume,
kimoja kikubwa kuliko mwenzake, akatia pamba:
mimi tena, na chenji niliidai.
Sihesabu.
Nahesabu. Daftari lipo,
ukurasa uleule wa wanaodaiwa pumba za kuku.

Wakili wao kaandika neno "kunufaika".
Ukutani palikuwa na hili tu:
KIMBIA NYAMIZI MWANANGU. SEMBE YA ASUMINI.
Kazi ya Chande, fundi mabango, elfu kumi na tano,
na Z kaigeuza.

Chande akarudi na ndoo ya chokaa.
"Nifute lipi, mama? Lake au lako?"
Nikasimama kama mtu anayeulizwa
mguu upi ukatwe.
Langu, nikasema. Lako hilo la Z acha.

Usiku akapiga simu kutoka huko kwenye baridi.
Wanapima herufi kwa rula, anasema,
za begi, za kofia, hadi za soksi.
Chupa ya maji wameivua karatasi, iko uchi.
Na khanga niliyompa, ya kujifunga baada ya mbio,
wameikunjua mezani watu watatu.
Hili ni tangazo?
Hapana, hili ni jina.
Jina la nani?
La khanga.
Wakatazamana. Wakabandika utepe mweusi
juu ya MLEZI HATANGAZI MALEZI.

Nilicheka hadi paka akatoka mbio.
Halafu kicheko kikaniishia mdomoni,
kikawa kama unga mkavu.

Siku yenyewe tulijaa banda la video la Kipanga,
mia tatu kichwa, watoto wakae chini.
Kila meza ya maji ile soda, kila kona ile benki.
Kilomita ya thelathini alikuwa wa sita.
Ya thelathini na tano, wa tisa.
Mtangazaji akamtaja pamoja na viatu vyake,
kana kwamba ndivyo vilivyomzaa.
Ya arobaini umeme ukakatika.
Watu wakatukana shirika, wakadai mia tatu zao.

Uliporudi alikwisha fika, wa kumi na moja,
ameinama, mikono magotini,
utepe mmoja begani umebanduka unaning'inia
na chini yake hamna kitu, kitambaa tu.
Akainuka. Akapiga viganja mara mbili,
kisha akavifuta mapajani, nje, ndani,
vile tunavyokung'uta unga
kabla ya kushika pesa ya mteja.

Mikono yenyewe ilikuwa safi.

Sikumgusa jirani yangu kumwambia, umeona?
Nilikaa na hilo peke yangu, nikalibana
kama noti kwenye pindo.

Nje mwanamke ananingoja, debe kichwani,
anauliza umeme umerudi,
je, leo tunasaga au hatusagi?