Gunia Lenye Uzi wa Kijani

Sikuapa. Hakuna siku niliyosimama jikoni
nikasema kuanzia leo.
Niliisahau tu nyama ya Jumatatu kwenye friza,
na choroko zilikuwa zimeshaiva,
na watu wakala, wakanawa, hakuna aliyeuliza.

Jumatatu ikaiita Jumatano.
Raghavan, muuza mboga hapa Mabela,
hunifungia majani ya mlonge kwa raba.
Kiarabu chake cha kuokoteza,
changu bado kina lafudhi ya Ng'ambo;
tulikuja kuelewana kwenye muhogo.
Yeye anaula kwao, mimi nilikuwa nikiula kwetu,
na sote tunajua mchungu wake ulivyo.
Siku moja akanitolea kisamvu cha barafu,
kimegandana kama tofali, baisa mia nne.
Nilikibeba kwa mikono miwili
kama mtu anayetoka hospitali na kichanga.

Zahran alihesabu mifupa.
Alihesabu kimyakimya, kama karani wa mishahara:
juzi minne, jana miwili,
leo ukingo wa sahani mtupu,
kokwa za limau kavu na basi.
"Thuwaiba," akasema, "tumefilisika?"
Nikamwongeza kunde za nazi.
Haba na haba hujaza kibaba;
mimi nilikuwa naufundisha msemo huo
kutembea kinyumenyume.

Sababu? Kila mtu nilimpa yake.
Wifi nilimwambia presha.
Binti yangu nilimwambia joto, nani ale nyama mwezi wa saba.
Ya kweli ni ndogo, naionea haya:
kwenye taa, njia ya Ibra, pikapu mbele yetu,
mbuzi wa Jabali, hereni ya plastiki sikioni,
ya manjano, namba 0417.
Akanitazama. Akapiga chafya.
Taa ikawa kijani.
Ndiyo hiyo. Chafya ya mbuzi
si hoja ya kusimama nayo mbele ya ukoo.

Kwa hiyo Idi ilipofika sikusimama na hoja.
Nilichukua boga.
Nikalipaka kila kilichopakwa nyama,
siki, thomu, pilipili, bizari iliyokaangwa,
nikatia dengu nzima na vitunguu bila kukata,
nikaviringa kwa majani ya mgomba
uliokulia kando ya falaji ya baba mkwe,
nikashona gunia kwa uzi wa kijani
ili lisipotee katikati ya magunia ya wenzake.

Shimoni moto ulikuwa umeshatulia, mwekundu chini kabisa.
"Hili mbona jepesi?" akauliza mmoja. "Mna kuku?"
"Mna hewa," akasema Zahran,
akalipokea, akalishusha mwenyewe.

Siku mbili chini ya udongo.
Lilipofunuliwa, boga halikuwepo.
Palikuwa na uji wa moshi, rangi ya hina iliyokolea,
dengu ngumu kama risasi,
vitunguu vimebaki majina.
Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nikacheka.
Ami Muhsin, ambaye tangu meno yamwache
kila Idi hufyonza tu mchuzi,
alichovya mkate. Akachovya tena.
Hakusema kitu,
akalivuta sinia upande wake.

Ningependa kuishia hapo.
Lakini jioni niliwakatia wageni nyama,
ikachambuka yenyewe, mafuta yakanishuka mpaka kifundo,
na kidole kilikuwa kimeshafika mdomoni
kabla mimi sijafika.
Tamu. Nisiseme uongo siku ya Idi.

Mfuko mmoja bado uko kwenye friza,
umeota manyoya meupe ya barafu.
Sijautupa. Sijautoa.
"Leo nini?" anauliza Zahran mlangoni, viatu bado miguuni.
"Choroko."
"Zile za nazi?"
Nikamwambia akune nazi, basi.
Akaguna. Akaenda kuitafuta mbuzi,
ile ya mbao, isiyopiga chafya.