Daftari la Mchomeleaji

Mwaka nilipofungua kibanda hiki, Cimpunda,
nilichomelea vitanda.
Vitanda vya maharusi, na kiti kimoja cha kinyozi.
Milango ilikuwa mbao na misumari minne.
Mwizi, kama alikuja, alichukua kuku,
nasi tulimjua kwa harufu ya jiko lake.

Tazama ukurasa huu, wenye doa la mafuta.
Aprili: komeo, komeo, bawaba mbili.
Ndio mwezi sufuria ya Mama Nabintu
iliondoka na maharage yake
yangali yanachemka.
Tulicheka. Hata yeye alicheka, kidogo.

Kisha watu wakashuka kutoka Walungu, kutoka Shabunda,
magodoro kichwani,
na mlima ukajaa nyumba moja juu ya bega la nyingine
hadi paa la huyu likawa baraza la yule.
Ukitaka kuingia kwa jirani huna haja ya mlango.
Shuka tu.

Walisema: ni hawa wageni.
Nikafungua daftari.
Wageni ndio waliokuwa wakiagiza makufuli.

Baadaye zikaanza kwenda mita za maji,
simu zilizovuliwa dirishani kwa fimbo yenye ndoano
kama samaki,
paneli za jua, moja baada ya nyingine,
mtaa mzima ukirudi kwenye mshumaa.
Redio ilisema hali imetengemaa.
Mimi sina redio, nina mizani:
kilo za nondo nilizouza Juni,
kilo za nondo nilizouza Desemba.

Mwanzoni walikuja na michoro.
Fundi, niwekee ua katikati ya grili, lenye petali sita.
Kati ya chuma na chuma nikaacha vidole vinne.
Mwaka uliofuata: ua sawa, lakini vidole vitatu.
Kisha: acha ua, fundi.
Mkono usipite.

Alhamisi, mvua ikinyesha,
kijana akaja na kitu ndani ya gunia.
Alisema anaitwa Murhula. Sikumuuliza.
Grili ya dirisha, vumbi la saruji bado pembeni,
na petali ya tatu imepinda,
kwa sababu siku ile umeme ulikatika
mkono wangu ukiwa katikati ya kazi.
Mtu huutambua mshono wake
kama mama anavyoitambua kikohozi cha mwanawe gizani.
Niliiuza dola arobaini na tano, Funu,
kwa Mama Cibalonza.

Dola nane, akasema kijana,
akitazama viatu vyangu.

Ningeweza kupiga filimbi. Ipo hapa, shingoni,
kila mwanamume wa avenyu yetu anayo.
Lakini niliona, mwaka jana, kule Essence,
filimbi inavyoita mawe kabla ya kumwita chefu.
Kiatu kimoja kilibaki barabarani siku mbili.
Kiatu kizuri, kipya.
Hakuna aliyekiiba.

Nikampa dola nane.
Usiniite mwema: hesabu yangu ilikuwa tayari kichwani,
nane kutoka arobaini na tano.

Jioni akaja mwenyewe, mwavuli umevunjika ubavu,
kuagiza grili mpya.
Akaiona imeegemea ukuta.
Hakusema neno. Akaweka kidole
juu ya petali iliyopinda, akaifuata hadi mwisho.
Kiasi gani, akauliza.

Nane, nikasema.
Akanitazama muda mrefu
kuliko umeme unavyodumu kwetu.

Kisha: ongeza vyuma.
Safari hii, nafasi ya kidole kimoja.

Mama, mwanga hautaingia.

Najua, akasema,
akaanza kuhesabu noti zilizolowa,
moja moja, juu ya daftari.