Jiwe la Kuzuia Mlango

Kwenye kinu cha Apondi, Songhor,
jiwe hili lilizuia mlango wa bati
miaka yote niliyokwenda kusaga.
Urefu wake mkono hadi kiwiko,
jeusi, ubavu wote madoadoa.
"Mfupa wa kiboko," alisema Apondi.
"Chatu aliyeganda," alisema mkata miwa.
Nikaacha debe la mahindi, nikalibeba.

Kibuye, fundi Omuse hukata mawe ya makaburi.
"Niandike jina gani?"
Nikamwambia, hilo ndilo ninalolitafuta.
Akacheka, akafungulia maji,
msumeno ukalia mpaka adhuhuri.

Usiku stima ikakatika.
Tochi ya simu mdomoni,
nikaulowesha mkato kwa mate,
nikainamia kioo.

Pete hakuna.
Mti wa mbao huvaa duara juu ya duara;
huu haukuhesabu hata masika moja.
Katikati uboho, sasa akiki ya rangi ya uji.
Kandokando yake, vipande vyeupe vilivyopinda
kama kwato za punda kwenye tope,
kama herufi ambayo mtoto hakuifunga:
humo maji yalipanda
kabla Tinderet haijamwaga majivu.
Halafu mizizi.
Mizizi, mizizi, vitundu elfu vimesongamana,
na shina lenyewe jembamba, kifundo cha mkono wangu tu.
Unene wote ule ulikuwa vazi.
Ulisimama kwa kujifunga mizizi kiunoni.

Na madoa? Makovu.
Kila jani lilipoanguka lilifunga mlango wake,
likaacha tundu za funguo.
Nimezihesabu mara tatu, nimepata idadi tatu.

Kangaga, basi. Kangaga mrefu kama mti,
ndugu wa wale wanaotota ukungu
kwenye makorongo ya Nandi.
Kwenye kadi nimeandika ukoo, kwa wino.
Jenasi, kwa penseli.
Mstari wa spishi nimeuacha mtupu,
unanitazama.

Jumamosi nikamrudishia Apondi nusu yake.
Akaipangusa kwa leso, uso uliokatwa akaugeuzia foleni.
Nikaeleza: kwato, uboho, makovu, mizizi.
Akasikiliza mpaka mwisho, mikono mieupe kwa unga.
"Na majani yake, yalikuwa yanalika?"

Sijui, nikasema.

"Aa," akasema,
akasukuma jiwe kwa mguu hadi mlangoni,
akawasha mashine.